Tuache kuuma mahindi, tupime

Ukipita Tunduma wakati wa mavuno utawaona wanunuzi wakichomeka mkono katikati ya gunia la mahindi, wakitoa punje mbili tatu na kuziuma. Punje ikilia kwa ukavu, fedha zinahesabiwa. Nami nilinunua hivyo kwa miaka mingi, mpaka magunia 40 niliyoyaweka katika ghala la kupanga yakaota ukungu. Nililaumu magunia, nikalaumu bati, nikamlaumu hata mlinzi. Jino langu sikulilaumu.

Ipo njia ya bei ndogo. Chukua chupa safi ya kioo yenye kifuniko, kama ile ya jamu, iwe kavu kabisa. Tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa kwa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, yarudishe kwenye turubai. Isiponata, yako chini ya hapo, ingawa viwango vya Afrika Mashariki vinataka yasizidi asilimia 13.5, kwa hiyo jua la ziada halipotei bure. Chupa haionyeshi sumukuvu, hiyo hupimwa maabara. Lakini mahindi yenye unyevu ndiyo yanayoikaribisha, na wafanyabiashara wanakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti.

Shambani hali ni ile ile. Mkulima wa Mbozi anabadili mbegu, mbolea na tarehe ya kupanda katika msimu mmoja. Akivuna vizuri anasifu mbegu, akivuna vibaya anaapiza mbolea. Atajuaje? Abadili kitu kimoja tu, aache mistari kumi kama alivyozoea, katika udongo ule ule na palizi ile ile, kisha apime mavuno ya pande zote mbili kwa debe lile lile. Na kabla ya mvua za Novemba, ahesabu mbegu 100, azifunge katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki moja ahesabu zilizoota. Zikiota 60 tu, arudi dukani na risiti yake mapema, si Januari.

Wapo watakaosema hayo ni ya wasomi. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona maziwa yake ya moto ya askirimu yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye badala ya kubisha akaenda kujaribu. Mwaka 1969 walichapisha pamoja, na wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo. Swali lilitoka kwenye askirimu, wala si kwenye kitabu.

Sikatai kwamba mkulima ana kazi nyingi, na chupa ya chumvi haitoshi kwa mtu anayepakia roli zima. Hapo halmashauri zetu zinahusika. Wanakusanya ushuru wa mazao kwenye vizuizi kila msimu. Kipimo kimoja cha unyevu katika kibanda hicho hicho, na kijana wa kukisoma mbele ya muuzaji na mnunuzi, si ombi kubwa.