Kurkuma na macho ya manjano

Juma iliyopita tuliongea juu ya tangawizi. Leo tunakuja kwa ndugu yake kurkuma, ule muzizi ambao wengine wanaita manjano. Ni ndugu kweli, ya jamaa moja ya mimea.

Rangi yake inatoka kwa kitu kinachoitwa kurkumini, ambacho wataalamu walikitoa ndani ya muzizi mwaka wa 1815. Ni kidogo: katika gramu 100 za unga, unapata karibu gramu 3 tu. Tena haipatani na maji, inayeyuka katika mafuta. Ndiyo maana ukiikoroga ndani ya chai, inashuka chini ya kikombe. Mama anayeikaanga kidogo katika mawese na kitunguu, mbele ya kutia maharagi, anajua kazi hata kama hakusoma kemia. Aongeze pilipili manga, ile nyeusi ya punje: mwaka wa 1998 watafiti waliona kwamba inapandisha kurkumini katika damu karibu mara 20. (Na lile doa linalogeuka jekundu ukitia sabuni, musiogope. Fueni, kisha muanike kwenye jua kali, litapauka.)

Wenye maumivu ya magoti wamepata nafuu katika majaribio, lakini walimeza kurkumini iliyokusanywa, si kijiko cha mboga. Mwenye mawe ya nyongo au anayemeza dawa ya kupunguza kuganda kwa damu aulize muganga kwanza. Mwenye mimba aile katika chakula tu.

Sasa jambo lililotusukuma kuandika. Mumoja wetu alizaa, na siku ya tatu macho ya mutoto yakawa ya manjano. Jirani akasema: manjano inaondoa manjano. Wakamupa mutoto maji ya kurkuma siku mbili. Sisi tulikwenda kumupongeza, tukaona kikombe, tukanyamaza.

Manjano ya mutoto muchanga si rangi ya kurkuma. Ni bilirubini, takataka ya damu iliyochakaa, ambayo maini yake machanga hayajaweza kuitoa. Ikizidi sana inaingia katika ubongo, na mutoto anaweza kubaki kiziwi au kulemaa. Kurkuma haiiondoi. Hospitalini wanamulaza chini ya taa ya buluu, na mwanga ule unaibadilisha ili itoke katika choo na mukojo. Mpaka miezi 6, mutoto anyonye maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Manjano ikitokea siku ya kwanza, ikishuka mpaka miguuni, au mutoto akilala sana na kukataa titi, mupelekeni siku ileile, hata usiku.

Huyu alifika siku ya tano, akalazwa chini ya taa. Ana miezi mine sasa, anageuka akisikia sauti. Mama yake ndiye alituomba tuandike.