Makosa Yasiyo Makosa, na Makosa Yaumizayo



Kwa muda mrefu tumenyamaza, lakini sasa twaona hapana budi kusema. Imezuka kati yetu makarani tabia ya kupimana heshima kwa Kiingereza. Wala si kwa Kiingereza kifahamikacho, bali kwa vijisheria viwili vitatu ambavyo mtu amevikariri shuleni, naye hutembea navyo afisini kama askari na kirungu chake. Akikuta barua ya mwenziwe imekiuka kimojawapo, huisoma kwa sauti mbele ya watu ili wacheke. Tabia hii ni mbaya, na zaidi ya ubaya wake, imejengwa juu ya ujinga.

Tutoe mfano tulioushuhudia wenyewe. Katika afisi moja, ambayo hatutaitaja, karani kijana aliandika barua kwa mjane wa mtumishi aliyefariki. Alitaka kumwarifu kwamba kabla tarehe 30 Juni haijapita, fedha zote za marehemu zitakuwa zimelipwa. Akaandika kwamba afisi yakusudia 'to fully settle' madai yake 'until 30th June'. Barua ikafika kwa mkubwa wake. Huyo akashika kalamu nyekundu, akaling'oa neno 'fully' katikati, akaliweka mbele ya 'to', kisha akamkemea kijana mbele ya wenzake kuwa hakusoma. Neno 'until' halikuguswa, na barua ikaenda zake.

Mwana wa yule mjane, ajuaye Kiingereza, akamfasiria mama yake kama ilivyoandikwa: afisi italipa mpaka tarehe 30 Juni, basi. Tarehe ikapita, fedha hazikuja, na mama akadhani mlango umefungwa na haki yake imekufa. Hakuja kuuliza. Miezi ilipita hata jirani mmoja alipomshika mkono akamleta. Je, ndugu zetu, katika barua ile kosa lilikuwa lipi?

Sisi twasema 'mpaka tarehe 30 zitakuwa zimelipwa', tena twasema 'tutalipa mpaka tarehe 30'. Neno ni lile lile. Mwingereza hutenga. 'By' ni kwa jambo litakalotimia siku ile au kabla yake. 'Until' ni kwa jambo liendelealo hata siku ile, kisha likome. Hapo ndipo kalamu nyekundu ilipotakiwa.

Sasa tuvitazame vijisheria vyenyewe. Cha kwanza chasema ni haramu kutia neno kati ya 'to' na kitendo chake. Waingereza walikuwa wakitia neno hapo karne nyingi kabla hawajatokea wa kuwakataza. Makatazo yalipata nguvu katika karne ya 19, na Henry Alford aliyashikilia katika kitabu chake cha mwaka 1864. Wako wanaoutetea mkatazo huo kwa kusema kwamba Kilatini hakitengi: 'amare', yaani kupenda, ni neno moja. Naam, ni neno moja, kwa hiyo hapana pa kupenyeza kitu. Lakini 'to love' ni maneno mawili. Kukihukumu Kiingereza kwa Kilatini ni sawa na kumkataza Mswahili kusema 'ninakupenda' kwa neno moja, ati kwa kuwa Mwingereza hutumia matatu.

Cha pili chasema sentensi isiishie kwa neno kama 'of', 'with' ama 'to'. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson kwa jambo hilo. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alisema katika sarufi yake kwamba kutoishia hivyo hupendeza zaidi. Naye mwenyewe, alipokuwa akiieleza desturi hiyo ya Waingereza, aliimaliza sentensi yake kwa 'to'! Mwaka 1926 H. W. Fowler, ambaye kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliheshimiwa sana, aliiita imani hiyo ushirikina. Basi wenye lugha wameuona ushirikina, na sisi bado twauchinjia kuku.

Hatusemi kwamba Kiingereza hakina makosa. Yako, na mengi hutoka katika namna lugha yetu ilivyojengwa. 'Yeye' yetu haichagui mume wala mke; karani akiandika 'he' penye 'she', mama hugeuzwa mwanamume katika jalada, na asomaye hudhani ni habari za mtu mwingine. Neno letu 'kuazima' latumika kwa atoaye na kwa apokeaye. Lakini 'lend' ni kutoa na 'borrow' ni kupokea, na ukivibadilisha umemfanya mdai kuwa mdaiwa. Tena mtu akiulizwa, 'Hukupokea fedha?', naye hakupokea, kwetu hujibu 'Ndiyo', maana yake umesema kweli. Akijibu hivyo kwa Kiingereza, 'Yes', Mwingereza huandika kwamba amepokea. Makosa haya hayachekeshi. Yanamnyima mtu haki yake.

Wako watakaosema, 'Mwenye kutia sahihi ni mkubwa. Akitaka vijisheria vyake, vifuatwe.' Twakubali. Kila afisi ina desturi yake, na mtumishi mwema huifuata. Lakini desturi ya afisi isiitwe elimu, wala asiyeijua asiitwe mjinga. Wengine watasema, 'Tusipovishika, tutadharauliwa.' Twawajibu: aliyemwandikia mjane barua isiyofahamika amekwisha kuidharaulisha afisi nzima, hata kama kila neno limekaa mahali pake.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni yetu peke yetu. Mwaka 1948 Ernest Gowers alitoa kitabu kiitwacho 'Plain Words', alichoombwa na Wizara ya Hazina ya Uingereza, ili watumishi wa Serikali ya huko wajifunze kuandika maneno mepesi yafahamikayo. Watumishi hao walizaliwa ndani ya Kiingereza, na bado walihitaji kufundishwa. Basi karani wetu, aliyekiokota Kiingereza darasani, achekwe kwa lipi?

Twapendekeza hivi. Kila barua iendayo kwa raia isomwe na karani wa pili kabla haijatiwa sahihi, naye ajiulize maswali manne tu: Ni nani atendaye? Ni nani atendewaye? Ni lini? Ni kiasi gani? Akiweza kuyajibu yote pasipo kumwuliza mwandishi, barua na iende. Asipoweza, amrudishie mwenziwe faraghani, kwa sauti ya chini, kama ndugu amwambiavyo ndugu yake kwamba kifungo cha shati lake kimefunguka.

Na mwenye kalamu nyekundu, kabla hajaigusa 'fully' ya mtu, kwanza na aitafute 'until'.

Sisi wenzenu katika kazi,
Makarani wa Chama