MAONI: Kikopo cha choo si aibu



Wengi wetu tumewahi kupewa kile kikopo cha kupimia choo. Kinarudi kimefichwa chini ya kanga, au hakirudi kabisa.

Huko Marekani, tangu mwaka 2014, kuna kipimo cha kutafuta kansa ya utumbo mpana ndani ya choo. Ngozi ya ndani ya utumbo hubambuka kidogo kidogo kila siku na kutoka na choo. Ikiwa kuna uvimbe wa kansa, chembe zake hubeba vinasaba vilivyoharibika, na mashine huvitambua, pamoja na damu isiyoonekana kwa macho. Hakuna sindano wala mpira wa kuingizwa mwilini. Walipopimwa watu wapatao 10,000, kipimo kiligundua kansa 92 katika kila 100. Lakini takribani watu 13 katika kila 100 wasio na kansa wala vinyama vya hatari waliambiwa wana dalili. Anayeambiwa hivyo lazima achunguzwe kwa mpira wenye kamera.

Hapa Palma na Mocímboa kipimo hicho hatuna, na mimi sikililii. Bila kamera hiyo karibu, kingetuachia hofu tu. Tena kilitengenezwa kwa wasioona dalili yoyote. Anayeona damu asikingoje, aje kituoni sasa.

Hapo ndipo penye shida yetu. Tukiona damu tunasema ni bawasiri, tunachemsha mizizi, tunanyamaza. Mara nyingi ni bawasiri kweli, au kuhara damu, au kichocho cha tumbo, na yote yana matibabu. Lakini mtu mzima mwenye damu isiyokoma, anayekonda, ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, asikae nyumbani. Kansa hii huanza na kinyama kidogo na huchukua miaka kukua. Ikikatwa mapema, wengi hupona.

Waliokimbia Palma Machi 2021 walijisaidia porini mbele ya wakwe zao. Baada ya hayo, kikopo ni kitu gani?

Sisi wahudumu nasi tuna lawama. Nimemsikia mwenzetu akimwita mzee wa watu mbele ya foleni nzima, "Wewe, choo chako kiko wapi?" Mzee aliondoka, hakurudi. Ukija, sema tu unataka kuzungumza faragha, nawe una haki ya kusikilizwa pembeni. Wanawake waombe muuguzi mwanamke. Kikopo kilete ndani ya mfuko mweusi, kimefungwa, siku ileile ya kukijaza.