Kuzima Kinu cha Nyuklia: Nani Hulipa?

Wengi hudhani kwamba mtambo wa umeme ukifungwa, gharama zake hufungwa pamoja nao. Dhana hiyo imepotosha mijadala mingi kuhusu Ujerumani, nchi iliyozima vinu vyake vitatu vya mwisho vya nyuklia tarehe 15 Aprili, 2023. Wako wanaodai kwamba uamuzi ule ndio uliopandisha bei ya umeme. Wako pia wanaodai kwamba haukuwa na athari yoyote. Mwanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa ana mifano ya nyumbani inayotosha kumwonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea.

Mfano wa kwanza ni reli. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza iliendesha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani, na bandari mpya ikajengwa Mtwara. Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa, mpango ukavunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Vyuma viliweza kuuzwa; lakini fedha zilizotumika kufyeka msitu, kusawazisha njia na kujenga madaraja hazikurudi.

Kinu cha nyuklia kina tabia ya reli ile. Sehemu kubwa ya gharama zake hutumika kabla ya yuniti ya kwanza kuuzwa: saruji, chuma, mitambo, na riba ya mkopo kwa miaka yote ya ujenzi. Urani inayotumika kama nishati ni sehemu ndogo tu ya gharama hizo. Injini ya dizeli ni kinyume chake. Huigharimu nchi fedha kidogo kuinunua, lakini kila saa inapozunguka hula mafuta. Mtambo wa gesi nao, kwa tabia, u karibu na dizeli kuliko nyuklia.

Vinu vya Ujerumani vilikuwa vimefanya kazi kwa zaidi ya miaka 30, na gharama za kuvijenga zilikwisha kulipwa. Kuvizima, basi, kuliokoa fedha chache na kuondoa umeme uliokuwa rahisi kuuzalisha. Katika soko la Ulaya bei ya kila saa huwekwa na mtambo wa gharama kubwa kuliko yote inayohitajika saa hiyo, na mara nyingi huo ni wa gesi. Kinu kikiondoka, saa za gesi huongezeka. Hata hivyo, mwaka 2022, vinu vile vitatu vikiwa bado vinafanya kazi, bei ya jumla ilipanda kupita kiasi kwa sababu gesi ya Urusi ilipungua baada ya vita ya Ukraine. Na mwaka 2023, vinu vikiwa vimezimwa, wastani wake ulishuka chini ya nusu. Athari ya kufunga ilikuwapo, ila athari ya gesi iliifunika. Linaloweza kulaumiwa zaidi ni mpangilio: vinu vilivyokwisha kulipiwa vilitangulia kuzimwa huku makaa ya mawe yakiendelea kuchomwa.

Mfano wa pili wa nyumbani unaonyesha upande mwingine. Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ikitegemea injini za dizeli. Kuanzia mwaka 2007 gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ikaanza kuchukua nafasi ya dizeli. Hapa kuzima mitambo ya zamani kulipunguza gharama, maana iliyozimwa ilikula mafuta ghali yaliyosafirishwa kutoka mbali, na iliyowashwa ilitumia gesi ya jirani. Mteja wa Nachingwea hakuliona punguzo hilo katika malipo yake, kwa kuwa bei za TANESCO, zinazoidhinishwa na EWURA, ni sawa kwa nchi nzima. Ni utaratibu wa haki, ingawa huficha somo zuri la uchumi.

Suala hili si la Wajerumani peke yao. Urani ipo Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na fikra ya kujenga kinu nchini imekwisha kutajwa mara kadhaa. Hata kinywe, madini yanayoipa Ruangwa sifa, yana nafasi katika historia hiyo: kinu cha kwanza duniani, alichokiwasha Enrico Fermi mjini Chicago tarehe 2 Desemba, 1942, kilijengwa kwa matofali ya kinywe. Lakini kuwa na madini si sababu ya kujenga kinu. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na hiyo inakaribiana na mahitaji ya juu ya gridi nzima. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kingebeba karibu nusu ya mzigo huo. Siku kikisimama kwa hitilafu au kwa kubadilishiwa nishati, lazima pawe na mitambo mingine iliyokaa tayari, nayo hulipiwa hata isipofanya kazi.

Mwalimu wa fizikia au wa hisabati anaweza kulifanya jambo hili hesabu ya darasani. Kinu kijengwe kwa mkopo wa miaka 30, kisha kifungwe katika mwaka wa 20. Wateja watanunua umeme wa mtambo mpya, na kwa miaka 10 zaidi wataendelea kulipa deni la mtambo usiotoa hata yuniti moja. Juu ya hapo zipo gharama za kukibomoa na kuyahifadhi mabaki yake yenye mnururisho, ambazo zisipowekewa akiba tangu yuniti ya kwanza huwaangukia watu ambao hawakuutumia umeme ule. Hasara ya karanga, yapata pauni milioni 36, ilibebwa na hazina ya Uingereza. Deni la kinu cha Tanzania lingebebwa na wateja wa TANESCO, na wanafunzi walio leo kidato cha pili Nachingwea na Ruangwa wangekuwa miongoni mwao.