Tuigize Cinna, Antony angojee



Kila tukitaja mchezo wa Juliasi Kaizari kwenye kikundi chetu, wote wanataka kuwa Antony. Hotuba yake mbele ya maiti ni tamu kweli, hatukatai. Lakini sisi tunasema tuigize kile kipande kinachofuata, kifupi, mistari haifiki hamsini. Waongozaji wengi walikuwa wanakikata.

Kwa ambaye hajasoma: Kaizari ameuawa, Antony amesema, watu wamewaka hasira na wako barabarani. Anapita mshairi mmoja, Cinna. Wanamsimamisha. Jina lako nani? Unakwenda wapi? Unakaa wapi? Una mke ama huna? Anajibu kwa utani kidogo, mpaka linapotoka jina. Basi kwisha. Kuna Cinna mwingine aliyekuwa kati ya wauaji. Huyu analia kwamba yeye siye, yeye ni mshairi tu. Wanamwambia basi afe kwa mashairi yake mabaya! Shakespeare aliandika hayo 1599, na aliyatoa kwa Plutarch, mwanahistoria wa zamani, anayesema yalitokea Roma mwaka 44 kabla ya Kristo.

Nani kati yetu anahitaji kufafanuliwa hapo? Maswali yale tunayajua. Wengine wetu tuliulizwa njiani kabla ya kufika hapa, na jina ama sura ndiyo ilijibu. Na hapa hapa Cyangugu, mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye bariyeri ilitosha kitambulisho kusema kabila. Nyarushishi, ambako wakimbizi wengi wa Kongo wamepitia, ndiko maelfu ya Watutsi walikusanywa mwaka ule.

Sasa, namna ya kukiongoza. Mwalimu Nyerere alitafsiri mchezo huu, kitabu kikatoka 1963 akiwa rais wa Tanganyika. Kiswahili chake ni cha heshima, na Cinna akiseme hicho hicho. Ila wale wanaomsimamisha waseme cha kwetu: "Jina yako nani? Unatokaka wapi?" Mtu akisikia sauti ya nyumbani, hataweza kujiambia haya ni mambo ya Wazungu wa kale.

Wauaji wasivae sare wala rangi ya upande wowote. Watokee katikati ya watazamaji, wawe wamekaa nao tangu mwanzo wakila karanga. Panga hatutaki, bunduki ya mti pia hapana. Jibu la kwanza la Cinna lichekeshe, watu wacheke kabisa, maana kundi lile linaanza kwa kucheka. Halafu atoe karatasi yake waisome, na waichane polepole. Kwa sisi ambao maisha yetu yote yako kwenye karatasi, inatosha. Mwili hatuuonyeshi.

Na tupokezane. Aliyekuwa Cinna leo, kesho awe kwenye kundi. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu kumlilia Cinna ni rahisi, kila mmoja wetu anajiona ni yeye. Kuuliza yale maswali kwa mdomo wako mwenyewe, hapo mazoezi yatakuwa mazito.

Tunaambiwa mchezo huu utafungua vidonda, afadhali tuigize kunawa mikono. Kunawa mikono tumeigiza mpaka sabuni inatujua. Hofu ya vidonda tunaiheshimu: mwongozaji asimwombe mtu yeyote akumbuke ya kwake ili alie vizuri, na asiyetaka aondoke bila kuulizwa. Lakini mwaka 2014 watoto wa Syria waliigiza King Lear kwenye kambi ya Zaatari, Jordan, na ile nayo ni tanzia nzito. Kidonda kiko wazi tayari. Matusi ya kabila tunayasoma kila siku kwenye simu zetu, na wanaoyasambaza wengine ni marafiki zetu.

Tunachoomba wahudumu ni hangari Jumamosi mbili mchana, na mtu wa ushauri akae nasi baada ya mazoezi, siyo kwenye onyesho peke yake. Cinna tumeshapata watatu. Wa kuuliza swali la kwanza bado hajajitokeza.