Nauli Hununua Ushuhuda

Mchango wa shangazi yangu ulifunguliwa Jumapili mbili zilizopita, sebuleni kwake hapa Pioneer, Eldoret, na mimi nikakataa kuandikwa kwenye daftari. Ukoo umeniuliza sababu. Nimeieleza kwa simu, nimeieleza matangani, na kwa kuwa bado wananiona mchoyo, naieleza tena hapa.

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Magoti yanamsumbua, na mumewe tulimzika miaka miwili iliyopita. Anataka kwenda India, kwenye vilima vya juu ya Rishikesh, pale mto Ganges unapotoka milimani na kuanza kutulia, akaketi majuma matatu mbele ya mwalimu wa kiroho ambaye amekuwa akimsikiliza kwenye simu kila alfajiri. Kanisa hajaliacha. Anasema tu kwamba yule mzee ana utulivu ambao hajauona kwa mtu yeyote huku kwetu, na kwamba utulivu wa namna hiyo lazima uufuate ulipo. Viza, ndege ya Eldoret hadi Nairobi, ya Nairobi hadi Delhi, gari la kupanda vilima, malazi, sadaka: yote alikuwa ameyapigia hesabu kwa mwandiko wake wa ubaoni, na mstari wa mwisho ulisema kwamba mchango usipotosha, ng'ombe wawili wa maziwa watauzwa.

Sina neno na India. Na yule mzee sina neno naye kwa sababu simjui, na shangazi hamjui, na majuma matatu hayatamfanya amjue. Ninachokipinga ni imani iliyojaa pale sebuleni, kwa waliookoka na wasiookoka, kwa wazee na kwa vijana wanaofanya yoga: kwamba mwalimu akiwa mbali ndivyo anavyozidi kuwa wa kweli, na safari ikiwa ngumu ndivyo baraka inavyozidi.

Imani hiyo niliitazama ikifanya kazi mwaka 2011. Kuanzia Februari hadi Aprili, mazungumzo hapa Eldoret yalikuwa Loliondo tu, kule Tanzania. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye kila mtu alimwita Babu, alisema Mungu alimwonyesha ndotoni dawa ya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu. Dawa yenyewe ilikuwa kikombe kimoja, kwa shilingi 500 za Tanzania, kijijini Samunge, hukohuko Loliondo. Foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita. Wagonjwa walifia njiani kabla ya kufika. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wapya wasije kwanza hadi Aprili mosi, maana kijiji kilikuwa kimezidiwa. Wakenya walikodi matatu, wengine wakapitia Narok, wengine Namanga, wamebeba wagonjwa ambao hata kuketi hawakuweza.

Mti uliochemshwa Samunge, Wasonjo wa huko wanauita mugariga. Kwa Kiswahili ni mtandamboo. Wakikuyu wanauita mukawa, Wajaluo ochuoga, Wamaasai olamuriaki, na sisi Wakalenjin legetetwet. Hakuna mtoto aliyechunga ng'ombe nchi hii ambaye hajachomwa na miiba yake na kutia rangi midomo kwa matunda yake. Wazee wetu walichemsha mizizi yake kabla ya Loliondo kusikika, na hakuna aliyekodi matatu kwenda kuunywa nyuma ya boma lake mwenyewe. Babu alikuwa wazi juu ya jambo hilo: mti pekee hautoshi, alisema, dawa inafanya kazi ikitolewa kwa mkono wake, palepale Samunge. Yaani umbali ulikuwa umekwisha kuwekwa ndani ya kikombe.

Na hao waliotoka Eldoret walipita wapi? Mjini hapa, katika hospitali ya rufaa ya Moi, kulikuwa na AMPATH, mpango ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yenyewe na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ukitoa ARV bila malipo kwa maelfu ya watu wa magharibi mwa Kenya. Kutoka Pioneer unafika kwa boda boda kabla chai haijapoa. Wauguzi wa pale walikuwa wakiwajua wagonjwa kwa sura, wakijua nani amekosa tembe zake na nani ana mtoto mchanga. Kwa macho ya msafiri, kosa lao lilikuwa moja: walikuwa karibu.

Babu alifariki Julai 2021. Simsemi kwa ubaya. Namsema kwa sababu foleni yake ilinifundisha jambo ambalo nimeliona tena katika kila safari ya namna hii, nalo ni kwamba nauli hununua ushuhuda. Mtu aliyeuza ng'ombe, au aliyechangiwa na ukoo mzima, hana ruhusa ya kurudi bila kitu. Atasema nini kwa aliyetoa elfu tano? Kuna mzee wa upande wetu aliyewahi kuvuka mipaka kwenda kwa nabii mmoja, jina naliacha. Aliporudi alisimama kanisani akasema mgongo umepona, tukapiga makofi. Mwezi wa pili alinivuta kando kwenye posho mill akanituma dawa za maumivu, akanisihi wanawe wasijue, kwa sababu wao ndio waliolipa tiketi. Siku hiyo nilielewa kwamba gharama inafunga mdomo. Kadiri ulivyolipa zaidi ndivyo ulivyolazimika kuona kitu, na anayekusikia akisimulia anakata tiketi yake kwa ushuhuda ambao wewe mwenyewe hukuweza kuukana.

Ndiyo maana hata maafa hayapunguzi foleni. Septemba 2014 nyumba ya wageni ya kanisa la mhubiri T. B. Joshua mjini Lagos iliporomoka, ikaua zaidi ya watu 100, wengi wao mahujaji kutoka Afrika Kusini. Wageni waliendelea kuja miaka iliyofuata; mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Nitasema na la Shakahola, ingawa linauma na ingawa najua shangazi atakasirika kuona jina hilo karibu na la safari yake. Silinganishi. Vilima vya Rishikesh vina watu wengi wema wanaosali, na msitu wa Kilifi tuliona wenyewe, tangu Aprili 2023, ukifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri aliyewahimiza wafunge hadi kufa. Ila wengi wa waliokufa kule walikuwa wametoka kaunti za mbali, hata huku magharibi, wakauza walichokuwa nacho na kuhama. Msituni hakukuwa na nyanya wa kuuliza kwa nini mtoto amekonda. Hakukuwa na jirani wa kusikia kilio usiku, wala chifu anayewajua kwa majina. Umbali uliondoa macho yote ambayo yangepiga kelele.

Mwalimu wa kiroho hupimwa kwa macho hayohayo. Nataka kujua anamlipaje mlinzi wake wa usiku, na anamjibuje mkewe chakula kikichelewa. Akikopa, je, anarudisha? Mambo hayo hayaonekani kwenye jukwaa lenye maua, na mgeni wa majuma matatu, asiyejua lugha ya kijiji, haonyeshwi mengine zaidi ya jukwaa. Utulivu anaouona ni wa mtu anayetazamwa.

Watu wa Uasin Gishu na majirani zetu tunapaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa maana sisi nasi ni vilima vya watu wengine. Wazungu, Wajapani na Waarabu hupanda ndege kuja Iten na Kaptagat kutafuta siri ya mbio. Hukaa majuma yao, hupiga picha kwenye lile lango la Iten, hurudi. Wachache hupunguza dakika. Lakini Eliud Kipchoge alimpata wapi mwalimu? Alimpata Patrick Sang kijijini kwao Nandi, jirani, mtu aliyerudi nyumbani na medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992 ya kuruka viunzi na maji. Kijana alimwomba programu ya mazoezi, akaandikiwa ya siku chache, akaikimbia, akarudi kuomba nyingine. Akarudi tena. Tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40, Sang alikuwepo, na kijana alikuwa bado anafuata programu ya jirani yake. Karibu miaka ishirini. Mwalimu wa namna hiyo anakujua unavyokanyaga ukiwa umechoka, na anajua siku unayodanganya kwamba umekimbia.

Pale sebuleni mjomba mmoja alinirushia lile neno la nabii kukosa heshima kwao. Nililitarajia, maana kila anayetaka kusafiri hulitumia kama pasipoti. Nikamkumbusha kwamba wanafunzi wa kwanza wa Yesu, aliyelisema neno hilo, walikuwa wavuvi wa Kapernaumu na Bethsaida, watu wa ziwa moja, waliomfuata wakitoka kazini, kwa miguu. Waliokwenda mbali walitumwa baadaye, wakiwa tayari wamefundishwa.

Binamu Mwislamu, tunaye mmoja, aliuliza kama naikataa Hija pia. Siikatai. Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na uwezo maana yake madeni yako yamelipwa na uliowaacha nyumbani wana chakula hadi urudi. Nayo haisimami juu ya mtu aliye hai ambaye kesho atakutwa na kashfa. Wala India yenyewe haifundishi hiki tunachodhani. Masingasinga, ambao gurdwara yao ya Makindu imewapa chakula wasafiri wa barabara ya Mombasa bila kuuliza dini, walifunga mlango wa maguru wa kibinadamu mwaka 1708, na tangu hapo Guru wao ni kitabu, ambacho kinakaa hata hapa Eldoret. Na Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho ambaye wengi humtaja wanapofunga mizigo kwenda huko, aliondoka kwao mwaka 1896 akiwa na miaka 16 na rupia tatu, akaufuata mlima Arunachala, akakaa hapo hadi kufa kwake mwaka 1950. Hakufuata mwalimu yeyote aliye hai. Mzee waliyekwenda kumtazama watu wa mabara yote, yeye hakwenda kumtazama mtu.

Hayo yote nilimwambia shangazi baada ya wageni kuondoka, nikiwa namsaidia kukusanya vikombe. Alinisikiliza kama alivyosikiliza insha za watoto, bila kunikatiza.

"Nikuulize, baba," akasema. "Yule mzee wa India huzungumza nami kila siku saa kumi na moja asubuhi. Wewe unakaa nyuma ya shule, dakika kumi. Mara ya mwisho kuja hapa bila mchango wala msiba ilikuwa lini?"

Nilihesabu, nikanyamaza. Ilikuwa kabla ya mumewe kuzikwa.

Hapo niliona upande wa pili wa imani ile, upande unaotufaa sisi tunaobaki. Tulikula kwenye matanga ya mumewe siku nne, tukafunga hema, tukaondoka, tukamwachia nyumba ya vyumba vitano na redio. Sasa watu thelathini wako tayari kutoa elfu mbili au tano kila mmoja ili apelekwe ng'ambo kutafuta mtu wa kumsikiliza, na hakuna aliyejitolea kwenda kumsikiliza. Fedha zinatumwa kwa simu, saa moja ya kuketi haitumwi. Tukikubali kwamba faraja inakaa mbali, tumejisamehe wenyewe kwa wepesi sana.

Kwa hiyo bado sijaandikwa kwenye daftari, na nikipigiwa simu nyingine ya ukoo nitajibu hivyohivyo. Ng'ombe nimemwomba asiwauze kwanza. Amesema atafikiri. Jumanne nilikwenda kwake saa kumi na moja alfajiri, bado giza, nikamkuta amewasha simu, amevaa shali, mguu mmoja juu ya kigoda. Nikaketi. Tulimsikiliza yule mzee hadi mwisho, nusu ya maneno sikuyaelewa, kisha akaizima akaanza kunisimulia habari za mumewe, jinsi alivyokuwa akikohoa usiku na kukataa kwenda hospitali, jambo ambalo ukoo mzima hatukuwahi kuambiwa. Ng'ombe walikuwa wanalia kukamuliwa. Akaniambia nimshike yule mwekundu, kwa sababu anapiga teke.