Theluji ya Kentucky: ujumbe wa shule ufike kwa Kiswahili, na ufike kwa wakati

Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi mwezi wa pili, mzazi Mkongomani anayeishi Lexington, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, analala bila kujua kama kesho watoto wataenda masomo. Mvua inaganda barabarani usiku, bisi haziwezi kupanda vilima, na viongozi wa mashule wanakata shauri kabla jua halijatoka. Uamuzi wao unatumwa kwenye simu za wazazi kwa sauti, kwa maandishi na kwa barua pepe. Simu inalia na mzazi anaishika. Lakini ujumbe ni wa Kiingereza, na anayeamshwa ili auelewe ni mtoto wa miaka kumi na mbili.

Lexington si mji wa kubahatisha katika habari hii. Mamlaka ya mashule ya mji huo, Fayette County Public Schools, ina wanafunzi zaidi ya 40,000, na Kiswahili ni kati ya lugha zinazosemwa sana nyumbani kwao baada ya Kiingereza na Kihispania. Wenye kukisema ni hasa Wakongomani waliotoka Kivu na kupitia kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali au Kiziba kabla ya kupelekwa Marekani. Katika mwaka wa kupokea wakimbizi uliomalizika mwezi wa tisa 2024, Kongo ilikuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani: karibu 20,000 kati ya watu 100,000 hivi. Mpango huo ulisimamishwa mwezi wa kwanza 2025, lakini waliokwisha kufika wapo, na watoto wao wako darasani.

Msomaji wa Bukavu au Uvira aelewe kwanza hiyo wilaya ya mashule ni kitu gani. Inafanana kidogo na kile ambacho Kongo inaita sous-division ya elimu, ila ina bajeti yake, bisi zake na baraza linalochaguliwa na wakaaji wenyewe. Ndiyo yenye madaraka ya kufunga mashule yote ya mji kwa siku moja. Na inafunga kweli. Kwa mtu aliyekulia Mutwanga, theluji ni kitu cheupe kinachoonekana mbali, juu ya Ruwenzori, kama mawingu hayakuifunika. Hakuna aliyewahi kukosa mtihani kwa sababu yake. Kule Kentucky inaanguka mlangoni, na chini yake kunabaki barafu ambayo macho hayaioni.

Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza 2025 dhoruba ya theluji na barafu ilipiga jimbo hilo, gavana Andy Beshear akatangaza hali ya dharura, na mashule mengi yakafungwa kwa siku kadhaa. Kufungwa huko kunaweza kuonekana kama jambo dogo: mtoto abaki nyumbani, basi. Si hivyo. Ujumbe wa shule wakati wa baridi una sura nne, na kila sura inadai jambo tofauti kwa mzazi. Kuna siku ambayo shule imefungwa kabisa. Kuna siku ambayo jengo limefungwa lakini masomo yanaendelea nyumbani, kwa kompyuta au kwa karatasi. Sheria ya Kentucky inaruhusu kila wilaya siku hizo hadi 10 kwa mwaka. Kuna siku ambayo masomo yanaanza saa mbili nzima baada ya wakati wa kawaida. Na kuna siku ambayo watoto wanarudishwa nyumbani mapema, mchana katikati, wakati mama yuko kiwandani na mlango umefungwa kwa ufunguo.

Mzazi aliyesikia tu kwamba «hakuna shule» wakati ni siku ya masomo ya nyumbani anamwacha mtoto alale, na kazi haifanywi. Yule ambaye hakusikia kitu anamtuma wa miaka saba kusimama kando ya barabara, gizani, akingojea bisi ambayo haiji. Baridi ya namna ile haichezewi. Vidole vya mtoto asiye na glavu vinaumia kabla hajaanza hata kulalamika. Tena kuna habari ya tumbo, ambayo viongozi wanaijua vizuri: watoto wengi wanakula shuleni asubuhi na mchana. Siku ya kufungwa, chakula hicho mzazi anapaswa kukipata mwenyewe, na angependa kujua tangu jana.

Wengine watasema kwamba siku hizi mashine zinatafsiri. Ni kweli, na ni afadhali kuliko hakuna. Lakini hebu mtu atazame saa. Shule inayoanza saa moja na nusu ikichelewa itaanza saa tatu na nusu. Kwa Kiingereza hiyo ni 9:30. Mashine, isiyojua kwamba Mswahili anahesabu saa zake tangu jua kuchomoza, inaandika «saa 9:30 asubuhi», na ile ya kusoma kwa sauti inatamka «saa tisa na nusu asubuhi». Kwenye karatasi Mkongomani amezoea 9h30 ya Kifaransa, anaweza kubahatisha. Masikioni hapana: saa tisa na nusu ni alasiri, watoto wanarudi, hawaendi. Na ujumbe ukisema «masomo yatachelewa saa mbili», mwingine atasikia kwamba masomo yanaanza saa mbili asubuhi, na atamtoa mtoto nje saa nzima na nusu kabla ya wakati. Hapo mzazi hakukosa akili. Amepewa Kiswahili ambacho hakuna Mswahili aliyekisoma kabla hakijatumwa.

Ndiyo maana mtoto amefanywa redio ya nyumba. Anasoma barua, anaitikia simu, anamweleza baba yake maana. Kila anayezijua familia hizi anajua jinsi hali hiyo inavyogeuza nyumba juu chini: mwenye habari ndiye mkubwa. Na ni mtoto gani atakayetafsiri vizuri barua inayomshitaki? Asubuhi ya theluji anasema, «Mama, leo hakuna masomo,» na anasema kweli nusu tu. Ile nusu ya kazi ya nyumbani anaimeza. Kumlaumu ni bure. Lawama iende kwa watu wazima waliomwachia kazi isiyo yake.

Michezo ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi, ingawa kwa Wakongomani wa Lexington ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza. Mji huo unaishi kwa mpira wa kikapu. Mwezi wa tatu timu 16 za shule za sekondari kutoka jimbo lote zinakutana Rupp Arena kutafuta bingwa, na katika uwanja huohuo ndipo Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alipong'ara na timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky hadi kutajwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani mwaka 2022. Naye aliingia katika mchezo wa Marekani kwa mlango wa timu za sekondari. Mlango huo una karatasi zake. Kabla ya kugusa mpira, mwanafunzi anahitaji fomu iliyojazwa na daktari, kila mwaka, na saini ya mzazi. Mpira wa miguu, ambao vijana wa Kivu wanaujua tangu mavumbi ya Kadutu na Birere, kule unachezwa msimu wa majani kuanguka, na maandalizi yake yanaanza katikati ya likizo kubwa, mwezi wa saba. Kijana anayefika mwezi wa tisa na viatu vyake mkononi anakuta kundi limeshachaguliwa.

Tangazo lilikuwepo? Mara nyingi lilikuwepo, kwa Kiingereza, ndani ya programu ya simu ambayo kocha amejichagulia mwenyewe. Hapo ndipo ufa ulipo katika wilaya nyingi za Marekani: ofisi kuu inaweza kuwa na watafsiri, lakini kocha hayumo katika hesabu yao. Anaandika saa kumi jioni kwamba mechi ya ugenini imefutwa kwa ajili ya barafu, au kwamba mazoezi yamehamishwa kwenye ukumbi mwingine na kila mzazi aje kumchukua mtoto wake. Na hata ujumbe huo ukipitia mashine, siku za kuchagua wachezaji zinageuka «majaribio», neno linalomfanya mzazi afikiri juu ya mtihani wa hesabu. Wakati wa baridi, saa kumi na mbili jioni ni usiku. Msichana aliyebaki peke yake mbele ya mlango wa shule uliofungwa ni jambo zito kuliko matokeo ya mechi yoyote, na mama yake, ambaye hakupata habari, anaonekana kama mzazi asiyejali.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni moja: wazazi wajifunze Kiingereza. Na wanajifunza, usiku, baada ya kazi ya bohari. Lakini barafu haingoji mtu amalize kitabu cha pili. Zaidi ya hayo, jambo hili halikuachiwa huruma ya kiongozi. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, iliona kwamba kumweka mtoto mbele ya lugha asiyoielewa bila kumsaidia ni kumnyima elimu. Juu ya msingi huo ndipo mashule yalipopata wajibu wa kusema na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Ni kweli kwamba mwezi wa tatu 2025 rais Donald Trump alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kufuta agizo la mwaka 2000 la Bill Clinton kuhusu huduma kwa wasiojua lugha hiyo. Agizo la rais halifuti sheria ya bunge. Wilaya itakayolitumia kama kisingizio cha kuokoa pesa za mtafsiri itakuwa imechagua yenyewe.

Hata pesa zenyewe si nyingi, kama kazi ikifanywa mapema. Ujumbe wa baridi, tofauti na barua nyingine, unajulikana kabla. Ni zile sura nne, pamoja na ya tano ya kufutwa kwa mazoezi na mechi. Mtu mmoja wa Uvira au Bukavu anayeaminika anaweza kuzirekodi zote kwa siku moja mwezi wa kumi, kwa Kiswahili kinachosema «bisi» na «masomo», na kinachotaja saa kama Waswahili wanavyozitaja. Alfajiri ya barafu, mfanyakazi anayetuma ujumbe wa Kiingereza anabonyeza na ule wa Kiswahili dakika ileile. Ujumbe wa Kiswahili unaofika saa nne, baada ya bisi kupita au kutopita, ni wa kuweka kwenye kumbukumbu za ofisi tu.

Na uwe wa sauti. Wazazi wengine hawakupata nafasi ya kusoma. Vita viliwatoa darasani. Lakini sauti wanaitumia kuliko mtu yeyote. Mwezi uleule wa dhoruba ya Kentucky, kuelekea mwisho wake, M23 iliingia Goma, na ndugu waliokuwa Marekani walikesha na WhatsApp masikioni: nani amevuka kwenda Gisenyi, nani amejificha Keshero, nani hajibu. Habari ilitoka chini ya risasi ikafika Lexington kwa dakika chache, kwa lugha inayoeleweka, kwa sauti ya mtu anayejulikana. Ni vigumu kueleza kwa nini habari ya bisi ya mtaa wa pili ishindwe.

Kuna kazi ya wazazi pia, na haifai kuifunika. Wengi wanabadili namba ya simu kila baada ya miezi michache bila kuiambia shule, halafu wanashangaa kimya chake. Wengine, wakati wa kuandikisha mtoto, wakiulizwa lugha ya nyumbani wanajibu Kiingereza, kwa kuogopa mtoto asiwekwe nyuma. Kumbe fomu hiyo ndiyo inayoiambia wilaya ni nyumba ngapi zinahitaji Kiswahili. Mchungaji na kiongozi wa jumuiya wanasaidia sana kupitisha habari katika makundi yao, na wapewe shukrani, lakini mchungaji hajui kama mtoto fulani amerudishwa mapema kwa homa, wala haifai ajue.

Mazoezi ya mpira wa kikapu yanafunguliwa mwezi wa kumi. Fomu za daktari zinaanza kuzunguka kabla ya hapo, namba za simu zinasahihishwa hapohapo kwenye ofisi ya shule, na kwa kawaida zinahitaji dakika tano na kitambulisho.